Meno ya Plastiki, Degedege na Kimeo: Majibu kwa Wazazi wa Watoto Wadogo

Barua tulizozichagua kwa toleo hili zinatoka kwa watu wanaolea watoto wadogo, na karibu zote zinauliza swali la aina moja: mtoto anaumwa kweli, mtu mzima wa nyumbani ameshautaja ugonjwa na mtu wa kuutibu, na mzazi hajui amfuate nani. Barua ndefu tumezifupisha.

Daktari, shikamoo. Mwanangu wa kwanza ana miezi saba. Tangu juzi anaharisha, ana joto kiasi na usiku halali. Mama mkwe amemwangalia mdomoni akaona ufizi wa juu umetuna pembeni na ndani yake kuna kitu cheupe. Anasema hayo ni meno ya plastiki na yasipotolewa mtoto hatapona. Mtaani kwetu yupo mama anayeyatoa. Mume wangu yuko safarini, ameniambia niamue mwenyewe. Nifanyeje?
*Mama mzazi, Mbagala, Dar es Salaam*

Marahaba, mama. Usimpeleke mtoto kwa huyo mama wa mtaani, hata kama ametoa meno ya watoto wengi na wote unaowajua wako hai. Mtoto wako anahitaji maji, chumvi, zinki na kunyonya, na ukiona dalili nitakazozitaja hapa chini anahitaji kituo cha afya siku hiyo hiyo.

Nianze na kile alichokiona mama mkwe, kwa sababu kipo na si haki kumwambia kwamba amezusha. Pale pembeni, chini ya ufizi, ndipo yalipo meno ya chonge ya utotoni, ambayo kwa kawaida hutokeza mtoto akiwa na miezi kati ya 16 na 22. Kwa mtoto wa miezi saba jino hilo bado linajijenga: ni jeupe, ni laini, halijakomaa, na ufizi ulio juu yake hutuna kidogo kwa watoto wote, wanaoharisha na wasioharisha. Mtu akiupasua ufizi kwa wembe, kisu au njiti ya baiskeli, atatoa kitu kidogo cheupe na laini ambacho kweli hakifanani na jino, na kila aliyesimama pale ataamini kwamba ameona plastiki ikitoka. Kilichotoka ni jino changa la mtoto. Juu yake, ndani ya taya, kuna chanzo cha jino la ukubwani, nacho kinaweza kujeruhiwa kwa pigo lile lile, hivyo wapo watoto ambao miaka mingi baadaye huota chonge iliyopinda, iliyoharibika au wasiote kabisa.

Hilo ndilo dogo. Kubwa ni damu inayopotea kwa mtoto ambaye tayari amepungukiwa maji, usaha unaosambaa kutoka kwenye kidonda, pepopunda, na virusi vya Ukimwi au homa ya ini kutokana na chombo kilichotumika kwa mtoto mwingine asubuhi ile. Tena, baada ya kung'olewa, mdomo huuma kiasi kwamba mtoto hukataa kunyonya, wakati kunyonya ndiko kulikokuwa kunamlinda.

Utauliza kwa nini basi wengine hupona wakishatolewa. Kuharisha kwingi kwa watoto wa umri huu huletwa na virusi, na kwa kawaida huisha kwenyewe ndani ya siku chache hadi wiki moja. Familia humpeleka mtoto kwa mtoaji meno siku ya tatu au ya nne, pale uchovu na hofu vinapokuwa vimezidi, na ugonjwa huanza kupungua siku mbili baadaye kama ambavyo ungepungua bila wembe. Sifa hupewa aliyeshika wembe. Wale ambao hawakupona, habari zao husimuliwa kwa namna nyingine, kwamba walicheleweshwa kupelekwa.

Kuna sababu pia ya kuharisha na kuota meno kukutana. Kuanzia miezi sita mtoto huanza kulishwa uji na vyakula vingine, hutambaa, hutia kila kitu mdomoni, na ile kinga aliyotoka nayo tumboni kwa mama inakuwa imepungua sana. Vyote hivi hutokea katika miezi ile ile ambayo meno ya mbele ya chini yanachomoza. Meno yanaweza kumfanya mtoto atokwe na mate, atafune vidole na awe na kisirani. Hayamletei kuharisha, wala homa ya nyuzi 38 na kuendelea. Mtoto mwenye homa hiyo anaumwa kitu kingine, na katika mkoa wenye malaria lazima apimwe.

Sasa la kufanya leo. Mnyonyeshe mara nyingi zaidi kuliko kawaida, na usimnyime uji kwa kudhani kwamba tumbo linapumzishwa. Mpe maji ya ORS kila anapoharisha, na zinki kila siku. Namna ya kuvitumia nimeieleza kwenye jibu linalofuata. Mkimbize kituoni bila kusubiri kesho ukiona lolote kati ya haya: hawezi kunyonya au kunywa, anatapika kila kitu, amelegea au ni vigumu kumwamsha, macho yametumbukia, utosi umebonyea, amekauka hakojoi, kinyesi kina damu, au amepata degedege. Kipimo kimoja unaweza kukifanya mwenyewe: finya taratibu ngozi ya tumbo, pembeni kidogo ya kitovu, kisha iachie. Ikirudi polepole badala ya kurudi mara moja, mwili umepungukiwa maji na safari haingoji.

Kuhusu mama mkwe, ushauri wangu ni kwamba muende pamoja naye. Mwombe muuguzi amwonyeshe ufizi wa mtoto mwingine asiyeharisha, ambaye hamtamkosa kwenye foleni ya kliniki, naye ataona uvimbe ule ule. Bibi aliyeona kwa macho yake husaidia wajukuu wengi. Bibi aliyebishiwa na mkwe wake humvizia siku mkwe hayupo.

Ukiwa huko, chukua kadi ya kliniki uangalie kama mtoto alipata matone ya chanjo ya rota katika wiki ya 6 na ya 10. Chanjo hii imekuwa katika ratiba ya Tanzania tangu 2013, na humkinga mtoto dhidi ya kirusi kinacholeta kuharisha kukali zaidi kwa watoto wachanga. Haizuii kuharisha kwa aina zote, kwa hiyo usishangae mtoto aliyechanjwa akiharisha.

Mtoto wetu wa mwaka mmoja na miezi miwili anaharisha maji tupu. Tumempa ORS anaitema, tukimlazimisha anatapika, na kuharisha hakujapungua hata kidogo. Duka la dawa walituuzia pia Flagyl ya maji wakasema ndiyo inayokausha tumbo. Je, ORS inafanya kazi kweli?
*Baba wa mtoto mmoja, Dodoma*

Inafanya kazi, ila kazi yake siyo ile mnayoitegemea. ORS haizuii kuharisha. Inarudisha maji na chumvi vinavyopotea, na mtoto anayeharisha hufa kwa kupotewa na hivyo viwili. Ukitaka kujua kama inamsaidia, hesabu nepi zenye mkojo na mwangalie usoni: akikojoa, akicheza kidogo, mdomo ukiwa na unyevu, inafanya kazi hata kama kinyesi bado ni maji.

Siri iko kwenye sukari. Utumbo wa mtoto anayeharisha hushindwa kufyonza chumvi peke yake, lakini chumvi ikija pamoja na sukari kwa kiasi kinacholingana, hupita pamoja kwenye ukuta wa utumbo na maji hufuata. Mwaka 1971, wakati wa vita vya Bangladesh, daktari Dilip Mahalanabis aliishiwa maji ya dripu katika kambi ya wakimbizi ya Bangaon, India, katikati ya kipindupindu, akaamua kuwanywesha wagonjwa mchanganyiko wa sukari na chumvi. Vifo, ambavyo vilikuwa vimefika karibu asilimia 30, vilishuka hadi chini ya asilimia 4. Hicho ndicho kilichomo kwenye pakiti ndogo ambayo wazazi wengi huidharau kwa sababu ni ya bei rahisi na haina rangi.

Kwa kuwa kiasi cha sukari na chumvi ndicho chenye kufanya kazi, upimaji wa maji ni jambo la maana. Soma pakiti; zilizo nyingi huchanganywa na lita moja kamili ya maji safi ya kunywa. Chupa mbili za nusu lita zilizojazwa zinakupa lita hiyo bila kubahatisha. Usichanganye pakiti nusu kwenye kikombe, usiongeze sukari ili iwe tamu, na usitie soda wala juisi. Mchanganyiko uliobaki baada ya saa 24 umwagwe. Pale ambapo pakiti haipatikani na usiku umeingia, vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vikiwa vimesawazishwa kwa mgongo wa kisu, katika lita moja ya maji safi, vinaweza kukusogeza hadi asubuhi. Hapo pia onja kwanza: yasiwe na chumvi kuzidi machozi.

Sasa kutapika. Nadhani mnampa kikombe kizima kwa sababu ana kiu, anakigugumia, na tumbo linakirudisha. Mpe kijiko kimoja cha chai kila baada ya dakika moja au mbili, au tumia bomba la sindano lisilo na sindano, ukielekeza upande wa ndani ya shavu. Akitapika, ngojeni dakika kumi kisha muanze tena, taratibu zaidi. Ni kazi ya kuchosha, mshike zamu. Kwa mtoto aliye chini ya miaka miwili lengo ni kati ya mililita 50 na 100 kila baada ya choo cha maji, yaani robo hadi nusu ya kikombe kikubwa. Akitapika kila kitu hata mkitumia kijiko, hapo nyumbani pamekwisha, nendeni kituoni.

Zinki msiisahau, na msiiache kuharisha kukikoma. Mtoto wa miezi sita na kuendelea hupewa kidonge kimoja cha miligramu 20 kila siku kwa siku 10 hadi 14; aliye chini ya miezi sita hupewa nusu. Kinayeyushwa kwenye kijiko cha maji au maziwa ya mama. Siku zile za mwisho, wakati mtoto ameshachangamka na wazazi wengi wameshakitupa, ndizo zinazompunguzia uwezekano wa kuharisha tena katika miezi inayofuata.

Flagyl iwekeni pembeni. Haiui virusi, na kuharisha maji tupu bila damu kwa mtoto wa umri wake mara nyingi ni virusi. Kama kuna damu, mtoto anahitaji kuonwa na mtaalamu atakayechagua dawa, ambayo huenda isiwe hiyo. Wauzaji wa maduka ya dawa muhimu wapo wanaofanya kazi nzuri sana, lakini mzazi anayeingia akisema "nipe kitu kikali" ni nadra kutoka mikono mitupu.

Mwanangu, mimi ni bibi ninayelea mjukuu wa miaka miwili. Juma lililopita alipata homa usiku, akakakamaa, macho yakageuka juu, akatetemeka. Majirani walisema ni degedege, wakataka afukizwe kwa mavi ya tembo, na wakaniasa nisimpeleke hospitali kwani akichomwa sindano atakufa. Alitulia mwenyewe, asubuhi nikampeleka, akakutwa na malaria. Sasa ninaogopa. Likitokea tena nifanye nini?
*Bibi, Bagamoyo*

Shikamoo bibi. Ulifanya vema kumpeleka, na ninakuomba safari ijayo usingoje kuche.

Kati ya miezi sita na miaka mitano, ubongo wa mtoto unaweza kushtuka joto la mwili linapopanda, naye akakakamaa na kutetemeka. Mara nyingi hali hiyo huisha ndani ya dakika chache na haiachi madhara. Tatizo ni kwamba malaria kali na homa ya uti wa mgongo nazo huja na mtetemeko unaofanana kabisa na huo, na hakuna mtu, hata daktari, anayeweza kuzitenganisha kwa kumtazama mtoto gizani. Kwa sababu hiyo kila degedege ni safari ya kituo cha afya, hata kama mtoto ametulia na amelala.

Akipatwa, mlaze chini ubavu, mahali pasipo na kitu cha kumuumiza, legeza nguo shingoni na uangalie saa. Mate na matapishi yataweza kutoka nje. Usimbane viungo, usimtie kijiko wala kidole mdomoni, na usimnyweshe chochote, dawa wala maji, hadi azinduke vizuri. Mtetemeko ukipita dakika tano, au ukirudi kabla hajazinduka, msisubiri uishe, tafuteni usafiri naye akiwa hivyo hivyo ubavuni. Akizinduka na kuweza kumeza, mpe maziwa au uji mwepesi, kwa sababu mtoto mwenye malaria huishiwa sukari mwilini haraka.

Moshi haumsaidii, unamziba pumzi wakati ule ambao anaihitaji zaidi. Na hilo la sindano ninalielewa lilikotoka. Kama mtoto alifukizwa, akaogeshwa dawa, akangojewa siku mbili, kisha akafikishwa hospitali akiwa amezimia, jambo la mwisho ambalo familia inaliona kabla ya kifo ni sindano. Watu wakasema sindano ndiyo iliyomuua. Kwa malaria kali, dawa ya sindano ndiyo inayookoa, na huokoa zaidi inapowahi.

Homa yenyewe inapoanza, apimwe malaria siku hiyo hiyo. Kipimo cha haraka kinataka tone moja la damu ya kidoleni na majibu hupatikana katika muda wa takriban dakika 20. Akikutwa nayo na kupewa dawa mseto, azimalize dozi zote sita za siku tatu, hata akiwa anakimbia uani siku ya pili, na akitapika kabla ya saa moja kupita dozi hiyo irudiwe. Parasetamoli hupunguza joto na maumivu, haitibu malaria. Ya maji angalia chupa kabla ya kupima, kwani zipo za miligramu 120 kwa kila mililita 5 na zipo za 250, na ukizoea moja ukanunua nyingine utampa mara mbili bila kujua. Dozi hufuata uzito: miligramu 10 hadi 15 kwa kila kilo, isizidi mara nne kwa siku. Mtoto wa kilo 10 anatosheka na mililita 5 za ile ya 120. Aspirini asipewe kabisa. Kumwogesha maji ya baridi nako si lazima, humtetemesha tu. Mvue nguo nzito umwache na nyepesi.

Mtoto wa miaka miwili na nusu anakohoa wiki ya tatu sasa, hasa usiku. Mafundi wamesema kimeo kimekuwa kirefu, kikatwe. Dada yangu aliwakata wanawe wawili na hawakohoi tena.
*Mama, Mwanza*

Kimeo hakileti kikohozi. Mtoto akikohoa sana koo huvimba, na kimeo ambacho ni sehemu ya koo huvimba pamoja nalo. Kukikata ni kuondoa kilichoumia na kukiacha kilichoumiza, na kuna mishipa ya damu pale ambayo, ikikatwa kwenye mkeka wa fundi, haina wa kuizuia isivuje. Watoto wa dada yako walipona mafua, jambo ninalolifurahia.

Lakini wiki tatu ni nyingi. Kikohozi kilichozidi wiki mbili kinataka uchunguzi wa kifua kikuu, hasa ikiwa mtoto hapandi uzito kwenye kadi au kuna mtu mzima nyumbani anayekohoa, na kikohozi cha usiku kinaweza pia kuwa pumu. Mweleze daktari kama mnapikia mkaa au kuni ndani ya chumba anacholala.

Ukisubiri siku ya kwenda, mhesabu pumzi akiwa ametulia au amelala. Mfunue nguo, tazama tumbo na kifua vikipanda, na uhesabu kwa dakika nzima kwa saa ya simu. Kwa umri wake, 40 au zaidi ni pumzi za haraka na huenda ni nimonia. Kwa mtoto wa miezi 2 hadi 11 mpaka ni 50, na kwa mchanga aliye chini ya hapo ni 60. Sehemu ya chini ya kifua ikibonyea ndani kila anapovuta pumzi, nenda saa hiyo hiyo, usiku au mchana.

Mke wangu amejifungua. Nyumbani wanataka kitovu kipakwe majivu na mafuta ya taa ili kidondoke haraka. Ni sawa?
*Baba mpya, Kigoma*

Hongera. Si sawa. Kitovu kikiachwa kikavu, safi na nje ya nepi, hudondoka chenyewe, kwa kawaida kati ya siku ya 5 na ya 15. Majivu, mafuta, mate na samadi huingiza vijidudu, pamoja na vya pepopunda. Ikiwa kituo mlichojifungulia kimewapa dawa ya klorheksidini, itumieni kama mlivyoelekezwa, na iwe mbali kabisa na macho ya mtoto. Wekundu unaosambaa kwenye ngozi kuzunguka kitovu, usaha, harufu mbaya, homa, au mtoto kuacha kunyonya: hospitali, bila kujaribu chochote nyumbani.

Kwa joto hili la Dar, mtoto wa miezi mitatu hawezi kuona kiu? Nimpe maji kidogo, au ile dawa ya maji ya tumbo, maana jioni analia sana akikunja miguu.
*Mama, Tabata*

Kiu ataiona, na ziwa linaijibu, kwani karibu asilimia 88 ya maziwa ya mama ni maji. Siku ya joto mnyonyeshe mara nyingi zaidi na wewe mwenyewe unywe maji ya kutosha. Maji ya kikombe humjaza tumbo, akanyonya kidogo, na humletea kuharisha. Subiri atimize miezi sita. Asali nayo asionje kabla ya mwaka mmoja.

Kilio cha jioni kwa umri huu ni cha kawaida, hufikia kilele karibu na wiki ya sita, na wengi huwa wamekiacha wakifika miezi minne. Mcheulishe kila anapomaliza kunyonya, mbebe akiwa wima kifuani, na kama anapanda uzito na anakojoa vizuri huhitaji kununua kitu. Akilia huku anatapika nyongo ya kijani, tumbo limejaa na kukaza, au ana joto la nyuzi 38, hicho ni kilio kingine na anahitaji kuonwa usiku huo huo.